Chubwi linalong'aa gizani na sufuria ya mama watoto

Barua za wiki hii zilikuwa nyingi, na karibu zote zilihusu yale yale ya kila Jumapili: karo, mashemeji na mbu. Mashemeji wataningojea. Leo nataka tuisome pamoja barua moja iliyotoka Voi. Aliyeiandika aliniuliza maswali matatu, lakini lile ambalo hakuliuliza ndilo lililoninyima usingizi.

Bwana huyu ni fundi wa magari. Gereji yake haiko mbali na barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, pale malori yanapopumzika usiku na mchana. Shemeji yake (hata hapa shemeji hakosekani!) huvua kwa mshipi huko Shimoni, na siku moja aliachiwa na mtalii chubwi la ajabu. Ni refu kama kidole, zito, limechongwa mfano wa kisamaki na kufungwa ndoana. Ukiliangaza kwa tochi kisha ukazima taa, linang'aa kijani kama kimulimuli wa masika. Wenyewe hulidondosha mpaka chini, wakalivuta juu kwa mshtuko, wakaliacha lizame tena. Samaki akiona hivyo hudhani ni mwenzake mnyonge anayepapatika, naye hulirukia. Halihitaji kamba wala dagaa wa chambo. Bei yake dukani, anasema fundi wetu, ingenunua unga wa nyumba nzima kwa wiki.

Basi akapiga hesabu. Risasi si anayo? Nisieleweke vibaya, sizungumzii risasi ya bunduki. Nasema ile madini laini ya kijivu iliyomo ndani ya betri za magari, na betri kuukuu zimejaa nyuma ya gereji yake. Aziyeyushe, amimine machubwi, ayapake rangi ya kung'aa, ayauze Ziwa Jipe, Ziwa Challa na Pwani. Anauliza: ni rangi gani hiyo, hupakwaje, na je, samaki wa kwetu Taita Taveta wataipenda?

Halafu mwisho kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, anaeleza kwamba amekwisha kujaribu. Ameyeyusha risasi jioni tatu mfululizo jikoni, katika sufuria ya mama watoto, juu ya jiko la makaa, huku watoto wake wawili wakimshikia tochi. Mama watoto mwenyewe alikuwa kando akichambua mchicha, na ana mimba ya miezi mitano.

Ndugu yangu fundi, nitakujibu yote. Lakini kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu, naomba jiko hilo lisiwashwe tena kwa kazi hiyo.

Nianze na swali la tatu kwa kuwa jibu lake ni fupi. Jipe haifai. Ziwa hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 30 hivi, lakini kina chake hakifiki hata mita 3. Limezungukwa na matete, na Mto Lumi huliletea maji pamoja na udongo kutoka upande wa Kilimanjaro. Tilapia wake, au perege kama wasemavyo wenzetu wa upande wa Tanzania, ni mla mwani na vijimea. Hana habari na kisamaki cha bandia kinachorukaruka. Kambare, yule ambaye wengine humwita mumi, kweli hula nyama na hutoka usiku, lakini yeye huwinda kwa ndevu na kwa kunusa. Kumpelekea rangi ya kung'aa kwenye tope ni kama kumwashia taa mtu aliyefumba macho. Mpelekee kitu kinachonuka, atakushukuru.

Challa ni habari nyingine. Lile ni shimo la volkano, mpaka wa nchi mbili umepita katikati yake, kina chake kinazidi mita 90 na maji yake ni maangavu. Rangi ingeonekana huko. Lakini yupo tilapia wa Challa asiyepatikana kwingine popote duniani, na wataalamu wamemweka katika orodha ya viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Mamba nao wamo. Mwaka 2002 msichana mmoja Mwingereza aliyekuwa akiogelea humo aliuawa. Simshauri mtu yeyote ateremke kwenye kuta zile usiku ati anakwenda kujaribu chubwi.

Soko lako ni bahari, na kutoka Voi mpaka Mombasa si mbali, ni kilomita 150 na zaidi kidogo. Maji ya bahari humeza rangi moja moja. Nyekundu hupotea kwanza, katika mita chache za juu, na ndiyo maana samaki mwekundu huonekana wa kijivu huko chini. Buluu na kijani ndizo zinazosafiri mbali, na macho ya samaki wengi wa kina kirefu yameumbwa kuona hizo. Aliyewahi kupiga kasia usiku wa giza Lamu au Mtwapa anajua pia kwamba bahari ina vimulimuli vyake, maji yanametameta kila unapoyagusa. Ngisi huwinda kwa macho, kolekole huwinda kwa macho. Kwa hiyo kidoa cha kijani kinachopanda na kushuka gizani kinawaambia jambo. Hakihakikishi kitoweo, lakini hakiwi upuuzi pia.

Sasa rangi yenyewe. Wazee waliowahi kumiliki saa zenye mishale ya kung'aa wataniuliza, je, haina sumu? Swali zuri, maana kisa chake kinasikitisha. Radiamu iligunduliwa na Marie Curie na mumewe Pierre mwaka 1898, na haikuchukua muda watu wakaichanganya na rangi ya kupaka nyuso za saa. Huko Marekani, katika jimbo la New Jersey na kwingineko, wasichana waliajiriwa kwa kazi hiyo wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza na miaka iliyofuata. Brashi ilitakiwa iwe na ncha kali, kwa hiyo walifundishwa kuichonga kwa midomo: kulamba, kuchovya, kupaka. Waliambiwa haina madhara. Wengine walijipaka kucha na hata meno ili wang'ae dansini. Baadaye meno yakaanza kung'oka, mataya yakaoza, wengine wakafa wakiwa bado vijana. Watano kati yao walifungua kesi mwaka 1927, na mwaka uliofuata wakalipwa fidia nje ya mahakama, wengine wakiwa hawawezi tena hata kusimama.

Rangi za leo si za ukoo huo. Radiamu iling'aa yenyewe usiku na mchana kwa kuwa ilikuwa ikitoa mnururisho. Unga wa leo hauna chake mwenyewe. Hunywa mwanga kama tangi linavyojazwa maji, kisha huuvujisha polepole mpaka ukaisha. Ule wa zamani kidogo, zinki salfaidi, hufifia upesi, mara nyingi kabla ya saa moja kwisha. Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ikatengeneza unga wa strontiamu alumineti, unaong'aa zaidi mara nyingi na kudumu saa kadhaa. Huo ndio utakaokufaa. Jaribio la kujitoa shaka ni rahisi: ufungie kabatini siku mbili tatu bila mwanga. Ukifungua katikati ya usiku utaukuta umelala, kama si kabisa basi karibu. Usiulambe tu, wala usiuvute puani, kama usivyolamba rangi yoyote.

Kwa hiyo linalong'aa halina neno. La kuogopa kwenye chubwi lako ni lile la kijivu lililo chini ya rangi.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, joto ambalo jiko la makaa hulifikia bila taabu, na makaa hayana kitasa cha kupunguzia. Ikizidi kupata moto hutoa mvuke, na juu yake hujitokeza utando wa unga. Unga huo, ndugu, ni mwepesi. Hutua kwenye mwiko, kwenye mchicha, kwenye nywele za mtoto anayeshika tochi, na kwenye sakafu anakotambaa mdogo wake. Haunuki, haukohozi mtu, hauwashi macho. Na risasi ya betri ni mbaya kuliko ya bomba kuukuu, kwa sababu ndani ya zile sahani mna uji uliokauka wa risasi uliochanganyika na asidi. Ukiupasua kwa nyundo unatimka kama vumbi la chokaa. Nisisahau kwamba tone moja tu la maji likiingia kwenye risasi iliyoyeyuka huilipua ikaruka usoni.

Mtu mzima akimeza risasi, sehemu kubwa hupita. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 au 5 zaidi ya mtu mzima. Mwili huidhania ni chokaa ya mifupa, ukaiweka akiba humo, ikakaa miaka. Na mama akiwa mjamzito, mifupa yake hutoa akiba hiyo pamoja na chokaa ya kumjenga mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Ikiwa nyingi huleta maumivu ya tumbo, kufunga choo, kukosa damu na degedege. Ikiwa kidogo haileti dalili yoyote. Unakuja kuiona shuleni, pale mtoto aliyekuwa mwepesi anaposhindwa kutulia wala kushika anachofundishwa, na mwalimu akadhani ni utundu.

Usidhani nakutisha kwa mambo ya vitabuni. Hapo Mombasa tu, katika kijiji cha Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kilichofanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, aliuguliwa na mtoto wake mchanga, na alipopimwa alikutwa na risasi mwilini, iliyomfikia kupitia maziwa ya mama yake. Bi Omido aliacha kazi akaanza kupiga kelele, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya kimataifa ya Goldman kwa kelele hizo. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua mwaka 2020 kwamba wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurudisha mwaka 2024. Ni miaka mingi ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama, na fidia haiondoi risasi mfupani.

Kisa kilicho karibu zaidi na chako kiko mbali, Thiaroye-sur-Mer, mji wa wavuvi nje kidogo ya Dakar, Senegal. Huko wahunzi walikuwa wamezoea miaka mingi kutoa risasi kwenye betri kuukuu na kuifanya uzito wa nyavu. Kazi ya wanaume wenye familia, kama wewe. Mabaki yalizama mchangani pole pole. Bei ya risasi ilipopanda, watu wakaanza kuchimba na kuchekecha mchanga huo majumbani mwao ili wauze walichookota. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Mwanzoni wazazi hawakujua kinachowaua. Walidhani ni malaria.

Kwa hiyo fanya haya, tena wiki hii. Sufuria hiyo isirudi jikoni hata ukiisugua kwa majivu na mchanga mpaka ing'ae. Itoboe kitako, asije mtu akaiokota na kuipikia. Jikoni pasifagiliwe pakiwa pakavu, maana ufagio hurusha. Futa sakafu, rafu na kuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na kitambaa hicho ukitupe. Mwiko wa mbao uliokuwa karibu nao utupe. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake, si katika beseni la nepi. Betri na risasi iliyobaki ziweke kwenye debe lenye kifuniko, nje ya ua, ukawape wanunuzi wa betri kuukuu wenye kibali. Usizitupe chooni wala kwenye Mto Voi. Mwambie mama watoto amweleze muuguzi kliniki jambo hili kama lilivyotokea, bila kuona haya, na wewe wapeleke watoto hospitalini Voi uombe wapimwe damu kiwango cha risasi. Si kila maabara ina mtambo wake, kwa hiyo usikubali kuambiwa “hatuna” ukarudi nyumbani. Omba damu ipelekwe inakopimwa. Ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Chanzo chenu mnakijua tayari, na hiyo ni nafuu kubwa.

Wapo watakaokwambia unywe maziwa yaoshe kifua. Maziwa ni chakula kizuri, wape watoto, lakini hayaoshi risasi. Na leso iliyofungwa puani haizuii mvuke. Kuhamia nje chini ya mwembe kunapunguza moshi ndani ya nyumba, ndiyo, ila unga utatua mchangani, na kuku na watoto wako hapo hapo siku nzima.

Hata ziwa letu halikuwa na haja ya risasi. Huko Uingereza na Wales mabata maji wakubwa weupe walikuwa wakifa kwa kumeza vichubwi vidogo, kwa kuwa ndege wa maji humeza changarawe za kusagia chakula. Tangu mwaka 1987 uuzaji wa vile vyenye uzito wa gramu 28 kushuka chini ukapigwa marufuku. Jipe ni ziwa la ndege.

Unaniuliza, basi biashara imekufa? Hata kidogo! Umesahau kwamba wewe ni fundi wa chuma. Nunua nondo. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa gramu 89 hivi kwa kila sentimita 10. Ya milimita 16, kipande hicho hicho kina gramu 158. Hizo ndizo saizi za kuvulia kina cha Shimoni au Watamu, na vipande vilivyobaki kwenye majengo utavipata kwa bei ya chini. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo kwa uzito ule ule chubwi litakuwa kubwa karibu mara moja na nusu, na litazama polepole kidogo. Samaki wengine hulipenda hivyo. Kata kwa msumeno, sawazisha meno kwa tupa, kata ncha zote mbili kwa mshazari, toboa tundu kila upande, tia pete ya chuma. Ndoana ifungwe juu, kwenye pete ya mshipi, isinase mawe chini.

Kupaka sasa, ambako ndiko ulikotaka kufika tangu mwanzo. Piga msasa mpaka kutu yote itoke, futa mafuta kwa tina, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke siku nzima. Kisha paka nyeupe mara mbili. Usiruke nyeupe! Rangi ya kung'aa ni nyembamba, na ukiipaka juu ya kitu cheusi nusu ya mwanga wake humezwa na weusi wa chini. Wengi wanaolalamika kwamba wameuziwa unga bandia wamekosea hapo tu.

Unga changanya na vanishi angavu ya mafuta, sehemu 1 kwa 2 au 3. Usitumie ya maji, kwa sababu strontiamu alumineti ikikutana na maji huharibika. Usiutwange ili uwe laini, ukiuvunja chembe zake unapunguza mng'ao. Ni mzito, utazama chini ya kopo, kwa hiyo koroga kila unapochovya brashi. Paka tabaka 3 nyembamba badala ya moja nene, kila moja ikikauka kwanza. Maliza kwa vanishi tupu mara mbili, hasa kwenye ncha na kandokando ya matundu ambako mawe hugongagonga, maana maji yakipenya hapo rangi itabanduka kama ganda la yai.

Mimi binafsi nisingelipaka lote. Viumbe vya baharini havina mwili mzima wa taa. Mstari mmoja ubavuni au jicho kubwa linatosha, unga utadumu zaidi, na shemeji ajaribu lenye mstari na lililopakwa lote usiku mmoja, mashua moja, kabla hujatengeneza hata dazeni.

Kulijaza mwanga, jua la Voi ni bure na linazidi taa zote. Usiku, tochi ya simu iliyosogezwa karibu kabisa inatosha kwa dakika moja au mbili. Ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka huchunguzia noti bandia hulijaza kwa sekunde chache, na ndogo zake za betri zinauzwa. Mng'ao huwa mkali dakika za mwanzo kisha hushuka, hivyo shemeji asilijaze ufukweni akitarajia lifike mwambani. Alijaze mashuani kabla tu ya kulidondosha, na kila analolivuta juu alimulike tena.